Ramani inaijua Naguru, lakini haijui teksi ya kukufikisha

Ukitoka Nakivale, Kyaka II au Kyangwali kwenda Naguru, basi litakufikisha Kampala bila fumbo lolote. Tiketi ina bei, basi lina jina, na kila mtu anajua linakokwenda. Ugumu unaanza ukishuka. Mabasi ya kutoka makazi hayo yanaingia Kampala kwa upande wa magharibi, na Naguru iko upande wa mashariki, katika Divisheni ya Nakawa. Kati yako na hospitali au ofisi uliyoitwa kuna msongamano wote wa katikati ya jiji, kuna paki zenye mamia ya teksi nyeupe zinazofanana, na kuna makondakta wanaoita majina ambayo huenda hujawahi kuyasikia.

Kilomita hizo chache za mwisho ndizo zinazomgharimu mgeni. Anayejua njia analipa nauli ya teksi. Asiyejua anachukua boda boda kutoka paki hadi mlangoni na kulipa mara kadhaa zaidi, au anashuka steji isiyo yake na kufika wakati jina lake limeshaitwa. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisema limelazimika kusitisha msaada kwa wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kwa familia iliyotolewa kwenye orodha, tofauti ya nauli ya teksi na ya boda ni chakula cha siku.

Wengi wetu tuna simu, na simu nyingi zina ramani. Kwa nini basi ramani hiyo haikwambii upande teksi gani na ushuke wapi? Na ni nani anayeweza kuirekebisha?

Naguru ni mfano mzuri wa tatizo

Watu wanakwenda Naguru kwa sababu nyingi. Iko Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda, hospitali ya serikali iliyofunguliwa mwaka 2012, ambayo wengi huiita tu Hospitali ya Naguru. Yako makao makuu ya Polisi ya Uganda, kwenye Barabara ya Katalima. Mkimbizi na mwenyeji wanakaa kwenye benchi moja katika sehemu hizi, na wote wawili walipanda kitu fulani kufika.

Shida ni kwamba Naguru ni kilima. Teksi zinapenda barabara kuu, ambako abiria hawaishi. (Kwa mgeni: teksi ya Uganda ni gari dogo la abiria 14, lile ambalo Kenya wanaliita matatu na Tanzania daladala.) Kusini mwa kilima inapita Barabara ya Jinja, kupitia Lugogo na Nakawa. Kaskazini kuna Bukoto na Ntinda. Teksi nyingi zinazopita chini ya kilima hutangaza mwisho wa safari yao: Kireka, Bweyogerere, Mukono, Ntinda. Ukisimama pakini ukisubiri mtu aite "Naguru", zinaweza kukupita teksi kumi ambazo zingekushusha karibu.

Ntinda ndiyo inayochanganya zaidi. Teksi inaweza kufika huko kwa Barabara ya Jinja na kukata kushoto kwenye makutano ya Spear, au kwa kupitia Kamwokya na Bukoto. Kondakta wote wawili wataita "Ntinda". Kama unakwenda upande mmoja wa kilima na umepanda teksi ya upande wa pili, umeongeza mwendo wa miguu au nauli ya boda. Habari kama hii haimo kwenye kibao chochote. Iko kichwani mwa wanaopita hapo kila siku.

Ramani huria inajua nini tayari

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004. Ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, na data yake ni huria: mtu yeyote anaweza kuitazama, kuipakua, kuitengenezea programu na kuisahihisha, mradi ataje ilikotoka. Ramani za kampuni kubwa unaweza kuzitumia bure, lakini huruhusiwi kuchukua data iliyo chini yake na kuitengenezea kitu chako. Hiyo ndiyo tofauti.

Afrika Mashariki tunaifahamu kazi hii. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora mitaro, njia na nyumba ili jiji lijue mafuriko yanampata nani. Hapa Uganda, timu ya Humanitarian OpenStreetMap Team iliwafundisha wakimbizi na wenyeji wa kaskazini mwa nchi kutumia simu kuweka kwenye ramani vituo vya afya, shule na visima vya maji. Kampala nayo ilikuwa kati ya miji iliyoshiriki mpango wa Open Cities Africa wa Benki ya Dunia, pamoja na Zanzibar na Kinshasa.

Kwa hiyo ukiifungua ramani hiyo na kuitafuta Naguru, utaziona barabara zake. Kazi kubwa ya barabara na majengo ilifanywa kwa kutazama picha za setilaiti, na mtu aliyekaa nchi nyingine anaweza kusaidia.

Teksi haionekani kwa setilaiti. Picha ya juu inakuonyesha lami, haikuonyeshi kwamba gari hili linaita Ntinda na kupita Bukoto. Haikuonyeshi kwamba watu wanashuka mbele kidogo ya makutano, wala kwamba pale panaitwa jina la duka lililofungwa zamani. Ili kuyajua hayo, lazima mtu apande. Programu nyingi za ramani zitakupa njia ya gari binafsi, ya baiskeli na ya miguu. Ya teksi inategemea kama kuna abiria aliyeiingiza.

Nairobi walifanyaje

Walianza mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti wa vyuo vya Marekani vya Columbia na MIT, waliunda mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila njia na kila mahali gari liliposimama. Mwaka 2014 walitoa ramani ya karatasi yenye njia zaidi ya 130, iliyopakwa rangi kama ramani za treni za miji mikubwa, na data yake wakaiachia watu wote. Mwaka 2015 njia hizo ziliingia kwenye Google Maps.

Jambo moja liliwasumbua. Muundo wa data unaotumika duniani kwa usafiri wa umma, uitwao GTFS, ulitengenezwa Marekani kwa mabasi yenye ratiba. Unataka ujue basi linaondoka saa ngapi. Matatu na teksi zetu zinaondoka zikijaa. Ilibidi waandike makadirio ya muda kati ya gari na gari, na watafute namna ya kuingiza usafiri usio na ratiba ndani ya muundo uliozaliwa kwenye ratiba.

Kuna funzo la pili, na hili linatoka kwa waliofunga. Kampuni ya WhereIsMyTransport, iliyoanzia Afrika Kusini, ilikusanya data za usafiri wa aina hii katika miji mingi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka 2023 ilifunga milango. Data ya kampuni inafuata bahati ya kampuni. Data huria inabaki hata mradi ukiisha, na mtu mwingine anaweza kuiendeleza.

Lakini kubaki hakutoshi, kwa sababu mji hausimami. Mwaka 2011 nyumba za Nakawa na Naguru zilizojengwa enzi za ukoloni zilibomolewa, na familia nyingi zikatawanyika. Mwaka 2020 Paki ya Zamani ya teksi ilifungwa ikarabatiwe, na magari yake yakahamishiwa sehemu nyingine. Mtu aliyechora ramani sahihi kabisa mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa na ramani ya uongo mwezi uliofuata. Mradi wa wafadhili unaweza kuchora mara moja. Kuitunza kunahitaji watu wanaopita hapo kila wiki, yaani wewe na jirani yako.

Nani anafaidi tusipojua

Ni rahisi kumlaumu boda au kondakta. Ukweli una pande mbili. Wapo wanaomtambua mgeni kwa mkoba na kwa lafudhi, wakamtajia bei ya mgeni. Lakini nauli za Kampala hupanda na kushuka hata kwa mwenyeji: mvua ikinyesha, foleni ikizidi, jioni watu wakirudi nyumbani. Dereva anayenunua mafuta na kumlipa mwenye gari kila siku ana hesabu zake. Ramani inayoandika nauli moja itakudanganya, na itakugombanisha na kondakta bure.

Ndiyo maana ramani nzuri ya teksi inapaswa kuanza na vitu visivyobadilika kila saa: jina la steji, mahali ilipo, mpangilio wa steji kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na jina ambalo kondakta anaita. Ukiwa na hivyo vinne, unaweza kuuliza nauli kama mtu anayejua anakokwenda. Anayeuliza "Spear ni ngapi?" hujibiwa tofauti na anayeuliza "Hospitali iko wapi?"

Madereva nao wana hofu yao, kwamba kinachoandikwa kwenye ramani leo kesho kitaandikwa kwenye karatasi ya kodi. Hofu hiyo haina budi kusikilizwa. Jibu lake ni kwamba njia zao zinajulikana tayari na mamlaka ya jiji na viongozi wa steji. Asiyezijua ni abiria mpya, na abiria mpya anayeijua teksi ni mteja wa teksi.

Ukiwa na safari wiki hii

Usingoje ramani ikamilike. Haya yanawezekana sasa:

1. Pakua ramani kabla ya safari. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinatumia data ya OpenStreetMap na zinafanya kazi bila intaneti. Tafuta WiFi ya bure, upakue ramani ya Uganda mara moja. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, hivyo usilitumie kwa kitu unachoweza kukihifadhi kwenye simu.

2. Kumbuka kwamba alama inayoonyesha ulipo hutumia mawimbi ya setilaiti, haihitaji salio. Weka alama mahali unapokwenda. Ukiwa ndani ya teksi utaona kama unakaribia au unapita.

3. OsmAnd ina sehemu ya usafiri wa umma inayosoma njia zilizoingizwa na watu. Pale ambapo hakuna aliyeingiza, haina la kukuonyesha. Ikikaa kimya, usidhani hakuna teksi.

4. Uliza mambo matatu kabla ya kupanda: teksi inaitaje, inapitia wapi, na nishuke steji gani. Swali la katikati ndilo linalosahaulika, na kwa Ntinda ndilo muhimu kuliko yote.

5. Andika jina la steji kwenye karatasi. Simu inaweza kuzima au kuporwa. Usiishike karibu na dirisha gari likiwa kwenye foleni.

6. Ukikaribia, watu wa Kampala humwambia kondakta "maaso awo", yaani hapo mbele. Maneno mawili hayo yatakusaidia kushuka mahali pako.

Beba pia kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya familia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa haki ya kutembea nchini, ndani ya mipaka inayowekwa na sheria, na kitambulisho ndicho kinachokusemea ukiulizwa.

Ukitaka kuiongezea ramani

Fungua akaunti ya bure ya OpenStreetMap. Tumia jina la utani, kwa sababu kila badiliko unalofanya linaonekana hadharani likiwa na jina la akaunti na tarehe. Anza na steji moja unayoijua vizuri. Ramani ina nafasi ya jina rasmi, jina la zamani na jina la mtaani. Ziandike zote unazozijua. Spear lilikuwa jina la kampuni ya magari kabla halijawa jina la makutano, na mgeni atalisikia kwa kondakta siku nyingi kabla hajalisoma kwenye kibao.

Ukizoea, jiunge na mwenzako mmoja na mrekodi njia nzima: mmoja anatazama simu, wa pili anaandika steji kwenye daftari. Pandeni kwenda na kurudi, kwa kuwa njia ya kurudi mara nyingi si ile ile. Mwenyeji anajua majina ya Kiganda na namna yanavyoandikwa. Mkimbizi anajua ni wapi mgeni anapotea. Kazi hii inawahitaji wote wawili.

Kisha yapo ya kuacha:

- Usiweke kwenye ramani nyumba ya mtu, wala jina la mtu, wala kuandika kwamba nyumba fulani wanaishi wakimbizi wa taifa fulani.
- Usiweke nyumba salama wanakohifadhiwa walionusurika ukatili. Ramani huria inasomwa na kila mtu, pamoja na anayemtafuta mtu ili amdhuru.
- Usipige picha wala kusimama ukirekodi karibu na majengo ya polisi au ya jeshi, na Naguru yapo. Rekodi ukiwa abiria ndani ya gari, na andika steji tu.
- Usinakili kutoka ramani ya kampuni. Andika ulichokiona mwenyewe.

Anayekuita akwambie ushuke wapi

Mzigo huu hauwezi kubaki kwa abiria peke yake. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kila siku kuna anayepewa rufaa ya hospitali au kuitwa kwa mahojiano mjini. Ujumbe anaopata mara nyingi una tarehe, saa, jina la jengo na namba ya kiwanja. Namba ya kiwanja inamsaidia mwenye gari. Mtu wa teksi anahitaji mstari mmoja zaidi: teksi inayoitwa hivi, inayopitia hapa, shuka steji hii, kisha tembea dakika kadhaa upande huu.

Mstari huo hauhitaji mradi wala mfadhili. Unahitaji ofisi imtume mfanyakazi mmoja apande teksi kutoka paki hadi mlangoni kwake, aandike alichokiona, na arudie kila baada ya miezi michache. Akishaandika, akiweka steji hiyo kwenye ramani huria ameisaidia pia kliniki ya jirani na shule iliyo mtaa wa pili.

Kwa hiyo ukipigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa kwenda Naguru, au kwingine kokote Kampala, usikate kabla hujauliza: "Nikitoka paki, nipande teksi gani, na nishuke steji gani?" Uliza kwa heshima, na urudie kama hujaelewa. Asiyejua jibu atalazimika kulitafuta, na jibu lake litamsaidia atakayeitwa baada yako. Na wewe ukishafika na kurudi salama, mwandikie njia hiyo anayekwenda kesho, kwenye karatasi ya leo au kwenye ramani.